Sheria ya Sare

Ti. Ti. Ti-ti. Kimya kidogo, halafu tena: ti, ti, ti-ti.

Sauti ilipenya ukutani, nyembamba na kali, kabla hata mlango wa idara ya dharura haujafunguliwa. Cheche aliisikia mara moja akaisahau, maana mtu anayechomelea mageti tangu ana miaka kumi na saba masikio yake yameshakuwa sugu. Mdogo wake hakuisahau. Alisimama kizingitini, viganja vimeziba masikio, akasema bila kumtazama mtu:

"Kuna mashine inalalamika na hakuna anayeijibu."

"Tuingie, mdogo wangu."

"Inalalamika kila sekunde nne."

"Rula. Tuingie."

Jina la Rula alipewa na watoto wa mtaani kwao enzi za shule ya msingi, kwa kuwa hakuweza kuvumilia mstari uliopinda, likamganda mpaka leo ana miaka ishirini na nne. Cheche ni kaka yake, amempita miaka tisa. Watu hudhani jina lake limetokana na kazi ya kuchomelea. Wanaomjua wanasema alikuwa nalo kabla hajashika hata koleo.

Kilichowaleta pale kilikuwa hiki. Asubuhi Cheche alikwenda chumbani kwa mdogo wake kuazima tepu ya kupimia, akakuta kila kitu kimebandikwa kikaratasi. Kwenye redio: "Ya kaka." Kwenye viatu vya kazi: "Vya jirani wa mlango wa bluu, anavaa namba arobaini na mbili." Kwenye blanketi: "Lifuliwe kwanza." Alipouliza ni mambo gani haya, Rula alijibu kwa sauti ileile anayotumia kutangaza kwamba maji yamekatika:

"Keshokutwa jioni nitajiua. Sitaki upate shida ya kugawa."

Cheche hakumbuki alifunga vipi karakana. Anakumbuka tu kwamba alikuwa amemshika mdogo wake mkono njia nzima, na Rula, asiyependa kushikwa, alivumilia.

Kwenye meza ya mapokezi alikaa muuguzi mmoja wa makamo, miwani juu ya paji la uso, kalamu mbili nyweleni, fomu zimerundikana mbele yake. Alikuwa peke yake katika kazi ya watu watatu, na uso wake haukuficha.

"Shida nini?"

"Sista, mdogo wangu anataka kujiua."

Sista alimtazama Rula. Akaona kijana amefunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni, nywele zimechanwa, macho kwenye taa ya dari.

"Kaka, unajisikiaje?"

"Niko sawa, asante."

"Kuna mahali panauma?"

"Niko sawa, asante."

"Una mawazo ya kujidhuru?"

"Niko sawa, asante."

Sista akamgeuzia Cheche jicho, lile la kumtazama mtu aliyepeleka friji kwa fundi cherehani.

"Si hivyo!" Cheche akasema. "Asubuhi ameniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, ameshapanga na siku..."

"Kaka mkubwa, hapa anajibu mgonjwa."

"Basi muulize vizuri!"

"Nimemuuliza Kiswahili. Ulitaka nimuulize kwa lugha ya ndege?"

Akaweka alama tatu kwenye fomu, akawapa kadi ya kijani. Nyekundu ni ya anayekata roho, njano ni ya anayeweza kufika huko, kijani ni ya mtu ambaye angeweza kuja hata wiki ijayo. Wakakaa kwenye benchi nyuma ya bwana mmoja aliyevimba kidole kwa pete. Bwana yule alikuwa na kadi ya njano.

Saa mbili nzima walikaa. Taa ya dari ilikuwa inavuma, mashine inalia, mtoto analia, kiti cha magurudumu kinapita na gurudumu moja linapiga kelele. Rula alianza kujitikisa, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Mama mmoja akasogeza mkoba wake. Cheche alisimama mara nne kwenda kuuliza, na mara nne akajibiwa "ngojeni." Wahenga walisema ngoja ngoja yaumiza matumbo, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kwenye benchi lile wakijua siku iliyopangwa.

Daktari alikuwa kijana, pengine umri mmoja na Rula, koti jeupe limenyooshwa vizuri. Chumba chake kilitenganishwa na kingine kwa pazia tu, na nyuma ya pazia ndiko ilikokuwa ile mashine, inapima kitanda kitupu. Cheche akatoa barua ya kliniki, imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo.

"Ana usonji, daktari. Imeandikwa hapo."

Daktari aliisoma juu juu. "Usonji? Hiyo si ya watoto?"

"Watoto wanakua, daktari. Ulidhani wanayeyuka?"

"Lakini anaongea vizuri."

"Anaongea, ndiyo. Hata redio inaongea."

Daktari hakucheka. Akamwinamia Rula. "Kijana, nitazame. Mbona hunitazami?"

"Anakusikiliza," Cheche akadakia. "Akikutazama hasikii. Kazini walimtoa stoo ya vipuri, alikokuwa anajua kila beringi na kila fani belti ilipo, wakampeleka kaunta ili awachekee wateja. Miezi minane anacheka kwa kuiga. Akirudi nyumbani hawezi hata kuvua viatu. Mimi nilidhani..."

"Nimemuuliza yeye. Kijana, una huzuni?"

"Niko sawa, asante."

"Unakula?"

"Niko sawa, asante."

"Unataka kufa?"

"Niko sawa, asante."

Daktari akajinyoosha kama mtu aliyemaliza hesabu. "Umeona? Halii, hatetemeki, hana wasiwasi. Wanaotaka kujiua kweli tunawajua, sura zao zinasema."

"Sura ya huyu haisemi! Mama yetu alipofariki sura ilikuwa hiyohiyo, na alikaa siku sita hajatia kitu mdomoni!"

"Nitaandika apumzike nyumbani, familia imwangalie."

"Familia ni mimi! Mimi ndiye familia, na ndiyo nimemleta!" Sauti ya Cheche ilishatoka chumbani, ikapita mapokezi, ikafika getini. "Mna shule gani nyinyi? Mpaka mtu aje na kamba shingoni ndiyo mumpe kadi ya maana?"

Alijuta neno lilipomtoka. Rula aliziba masikio tena. Kabla Cheche hajaomba radhi, mlinzi wa getini, mzee mfupi mwenye kofia inayomzidi kichwa, alikuwa ameshamshika kiwiko.

"Twende nje, bwana mkubwa. Tukapunge upepo."

"Sitaki upepo!"

"Upepo hauna hiari, unapunga tu. Twende."

Wakasimama kwenye korido, kwenye ukuta wenye tangazo la kunawa mikono. Cheche alikuwa anahema. Alitaka kupiga kitu, na kitu pekee kilichokuwa karibu ni tangazo.

"Usikasirike sana," mlinzi akasema. "Huyo mdogo wako kijana wa adabu. Sisi hapa tukiwauliza watu hali, wengine wanatutukana mpaka babu zetu. Yeye nimemuuliza pale getini, 'Vipi kijana?' Akaniambia niko sawa, asante. Sista, niko sawa, asante. Daktari, niko sawa, asante. Kila mwenye sare anapewa asante yake. Nani amemlea vizuri hivyo?"

Cheche akaliacha tangazo, akamgeukia mlinzi.

Nani amemlea.

Rula alikuwa na miaka kumi na moja. Cheche alikuwa amempakia kwenye pikipiki isiyo na bima, askari akawasimamisha, na kwa uungwana tu akamwuliza mtoto, "Hujambo?" Rula, ambaye kwake swali ni swali, akamwambia kwamba tumbo linamsumbua kidogo, kwamba breki ya nyuma haishiki tangu Jumanne, na kwamba kaka yake amesema tukisimamishwa tutadanganya kuwa tunakwenda hospitali. Walikaa kituoni mpaka jioni. Walipofika nyumbani Cheche akamkalisha mdogo wake kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamwekea sheria. Mtu mwenye sare akikuuliza chochote kuhusu wewe, chochote, jibu ni moja: niko sawa, asante. Wakafanya mazoezi. Cheche alivaa kofia ya mvua ya mama akawa askari. Akavaa shuka akawa nesi. Akafunga tai akawa mwalimu mkuu. Mara arobaini. Walicheka sana siku ile. Na kwa miaka kumi na tatu sheria ilifanya kazi vizuri kiasi kwamba aliyeitunga alishaisahau.

Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu asubuhi alikuwa anawatukana watu kwa kutosikia jibu, na jibu lenyewe ni yeye aliyelifungia kabatini.

"Mzee," akamwambia mlinzi, "ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyemlea."

Ndani, kitu kikaanguka. Kisha sauti ya daktari, imepanda: "Sista! Njoo na watu wa kumshika!"

Cheche alikuta meza ndogo imepinduka na pamba zimetapakaa sakafuni. Rula alikuwa amejibana kwenye kona, kati ya kitanda na ukuta, magoti kifuani, anagonga kisogo ukutani, taratibu, kwa kufuata mlio wa mashine. Daktari alikuwa ameshika mkono wake mwenyewe.

"Nimemgusa bega tu," akasema, na kwa mara ya kwanza umri wake ulionekana. "Nilitaka kumpoza."

Sista akaingia na watumishi wawili, bomba la sindano tayari kwenye sahani. Cheche alikuwa na maneno mia ya kuwatupia, moto, yamejaa mdomoni. Akayameza. Yalikuwa machungu kama mwarobaini.

"Sista, nakuomba," akasema, chini kuliko alivyowahi kusema na mtu. "Msimshike. Zima ile mashine kwanza. Kitanda hakina mtu."

Sista alimtazama, akatazama pazia. Akaenda nyuma yake. Ti. Ti. Kisha hakuna.

Mtu husahau kimya kina uzito gani. Hata watumishi walishusha mabega.

"Imenipasua kichwa tangu asubuhi," sista akakiri, "na mimi ndiye ninayepita hapo kila saa." Akainua mkono, akazima na taa ya dari. Mwanga wa dirisha ukatosha. Akawaambia watumishi waende, akaiweka sahani mbali.

Cheche akakaa sakafuni, hatua tatu kutoka kwa mdogo wake, mgongo ukutani, macho mbele. Akasubiri. Yeye, asiyeweza kusubiri chai ipoe. Kugonga kukapungua, kukaacha.

"Rula. Unakumbuka sheria ya sare?"

"Ndiyo. Mtu mwenye sare akiuliza chochote kuhusu mimi."

Sista akageuka. Cheche akamweleza kwa maneno machache, uso wake ukimwaka kwa aibu. Sista akatikisa kichwa polepole, akavua koti lake la kazi, akalitundika mlangoni, akabaki na blauzi ya maua.

"Haya. Sina sare. Sasa unaweza kuniambia?"

Rula akamkagua miguuni. "Bado wewe ni muuguzi. Viatu ni vya sare."

"Loh!" Sista akacheka bila kutaka. "Huyu hanunuliki."

"Sheria nimeitunga mimi," Cheche akasema, "na mimi naifuta. Ilikuwa sheria mbovu. Ilikuwa ya kunilinda mimi na pikipiki, si ya kukulinda wewe."

"Imefutwa yote, au kwa hospitali tu?"

"Yote."

"Kuanzia lini?"

"Sasa hivi."

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

Cheche akatazama simu. "Saa sita na dakika kumi na moja."

Rula akafikiri. Midomo yake ikacheza kidogo kama anayeandika kitu ndani. "Sawa. Lakini nikiwa na watu wengi siwezi kusema. Naweza kuandika. Na wewe usijibu."

"Mimi?"

"Unajibu kila swali langu. Tangu zamani."

Hilo lilimpata Cheche penye nyama. Daktari alikohoa, sista akamtazama Cheche kwa jicho la "meza na hiyo."

Chumba pekee chenye utulivu katika idara ile kilikuwa stoo ya mashuka. Sista akawapeleka huko. Rafu mpaka darini, harufu ya sabuni, mashuka yamekunjwa vibaya; Rula alinyoosha matatu kabla ya kuketi. Sista akakaa juu ya furushi, pembeni yake, si mbele yake, akampa ubao wa kuandikia na kalamu moja kutoka nyweleni. Cheche akaruhusiwa kukaa mlangoni kwa sharti la kufunga mdomo. Daktari alisimama nje kidogo, mikono nyuma.

"Nitakuuliza wazi," sista akasema. "Unafikiria kujiua?"

Daktari akanong'ona, "Sista, utamtia wazo."

"Wazo analo, daktari. Tunamuuliza asibaki nalo peke yake."

Kalamu ilikimbia. Rula aliandika: "Ndiyo. Wiki kumi na moja sasa. Jumamosi baada ya kufunga duka."

Sista akamuuliza kwa njia gani, naye akaandika. Hilo libaki kwenye karatasi ile; inatosha kusema Cheche alipoliona alijua ufunguo gani atautoa nyumbani kabla jua halijazama.

"Kwa nini Jumamosi?"

Hapo Rula aliandika muda mrefu, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Sista akasoma kwa sauti ndogo, akipewa ruhusa na Rula kwa kichwa. Kwamba kaunta ni kama kubeba ndoo ya maji kichwani siku nzima bila kumwaga tone, na jioni watu wanauliza kwa nini umechoka wakati hujabeba kitu. Kwamba bosi amesema kuanzia Jumatatu atabaki kaunta moja kwa moja. Kwamba hana hasira na mtu. Kwamba hataki hasa kufa, anataka kelele iishe, na hajaona mlango mwingine.

Cheche aliuma kiganja. Miezi minane alikuwa anamwambia mdogo wake, "Mwanaume kazi, utazoea." Alisema hivyo kila jioni, akivua viatu vyake mwenyewe kwa urahisi kabisa.

Daktari akaingia, akachuchumaa mlangoni, mbali. Hakumtazama Rula usoni, alitazama mashuka. "Nilikosea," akasema. "Niliandika huna hatari. Naomba nifute."

"Futa," Rula akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza la mdomo humo ndani. "Utumie kalamu nyekundu."

Kadi ya kijani ikachukuliwa. Wakaamua alale pale, si wodi kubwa yenye vitanda ishirini, bali chumba cha mwisho kwenye korido ambacho hutumika kuhifadhia magongo, na magongo yatahamishwa. Sista akachukua karatasi mpya, akaandika pamoja na Rula: dalili gani zinaonyesha maji yanafika shingoni, nini cha kufanya kwanza, nini cha pili, nani wa kuambiwa. Rula alikuwa mteja mgumu. Sista alipoandika "mshauri atakuja kukuona," akauliza nani. Alipotajiwa, akauliza saa ngapi. Aliposikia "asubuhi asubuhi hivi," akaweka kalamu chini.

"Kijana wangu, utaniua mimi kwanza," sista akasema, akatoka kupiga simu, akarudi na jibu: saa tatu na nusu, mama mmoja mrefu, atabisha mlango mara mbili, hatavaa koti. Rula akaandika.

"Na duka?" Cheche akaropoka, kisha akajiziba mdomo.

Rula akamwangalia sikio, ndiko anakomwangalia mtu anayempenda. "Unaweza kusema sasa."

"Bosi nitamwona mimi. Kesho. Nitamwambia urudishwe stoo."

"Usimtukane."

"Sitamtukana sana."

"Kaka."

"Sitamtukana."

Saa kumi chumba cha magongo kilikuwa tayari. Kitanda, kiti kimoja, dirisha linalotazama ukuta mtupu, na Rula aliupenda ukuta ule. Sista, ambaye zamu yake ilikwisha saa moja iliyopita, aliongoza mwenyewe, akakagua chumba kila pembe, akatoa kamba ya pazia na chochote asichokipenda, akasema muuguzi wa zamu atachungulia kila dakika kumi na tano. "Kumi na tano kamili," akaongeza kabla hajaulizwa.

Cheche alitakiwa aende nyumbani kufanya ile kazi ya ufunguo. Alisimama katikati ya chumba, mikono imemning'inia, mikono inayoweza kuunganisha chuma na chuma na haijui ishike nini hapa.

"Mdogo wangu, usiogope. Utapona. Kila kitu kitakuwa sawa, nakuahidi."

"Hujui hilo."

"Ninajua!"

"Hujui. Hakuna anayejua. Usiniahidi kitu usichokijua." Rula aliketi kitandani, akanyoosha pindo la shuka. Sauti yake ilikuwa ileile ya maji yamekatika, lakini vidole vilikuwa vinatetemeka, na Cheche aliviona. Akajiuliza vimetetemeka mara ngapi yeye akitazama usoni. "Niahidi kitu unachokiweza."

Cheche akatafuta. Alikuwa na ahadi nyingi kubwa kubwa, zenye mapambo, na zote zilikuwa za kumtuliza yeye mwenyewe. Akavuta kile kiti kimoja, akakisogeza pembeni ya kitanda, si mbele, akashika mgongo wake.

"Kesho saa mbili kamili asubuhi nitakuwa nimekaa kwenye kiti hiki," akasema. "Si mbili na dakika. Mbili kamili. Nitakaa kimya mpaka wewe uanze. Na utakachosema, hata kiwe nini, sitakujibia, na sitakwambia utazoea. Naahidi."